Danganya Jicho, Usidanganye Alumini

Baba mdogo amekuja kwako Majengo, hapa Goma, Alhamisi jioni. Binti yake anaolewa Jumamosi, na amekwisha kuwatangazia wakwe kwamba msafara utaongozwa na Volkswagen ya marehemu mzee wenu, ile ya mviringo ambayo watu wanaiita Coccinelle. Hakukuuliza, amekupa taarifa. Nawe, badala ya kumwambia kwamba gari limekaa miaka mitatu chini ya mparachichi, ukajibu, "Hakuna shida, Baba Mdogo." Ulijibu hivyo kwa sababu ulikuwa umekwisha kuwaona watu wamepanga mstari kwenye Bulevadi Kanyamuhanga, wote wakikutazama wewe kwenye usukani. Usione haya. Mwenye gari la zamani asiyependa kutazamwa hajazaliwa.

Injini mwachie fundi makanika. Bodi mwachie tolie. Mimi nitakushika mkono kwenye kitu ambacho watu hukitazama kwanza bila kujua kwamba wanakitazama: fito za alumini. Kuna ule mstari mwembamba unaopita chini ya madirisha kutoka mbele hadi nyuma, ule wa katikati ya kifuniko cha mbele, na ile miwili ya ukingoni mwa vikanyagio. Fito zikimetameta, watu watasema gari limetunzwa. Fito zikiwa na weupe wa ngozi isiyopakwa mafuta, hata injini mpya haitakusitiri.

Kuzirudisha ziwe kama zilivyotoka kiwandani ni kazi ya wiki nyingi. Wewe una siku moja na nusu. Basi tutadanganya, lakini kwa sheria moja ambayo utaishika hadi mwisho: danganya jicho, usidanganye alumini. Jicho husahau Jumapili asubuhi. Alumini haisahau.

1. Mjue unayemdanganya

Tafuta sumaku. Spika ya redio iliyokufa inayo. Ipitishe juu ya kila kipande kinachong'aa. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa kromu, kama bampa na vifuniko vya magurudumu, na kina dawa yake. Isiponasa, na kipande ni chepesi na kinapindika mkononi, hiyo ndiyo alumini yako.

Sasa chukua betri mbili za tochi, kibalbu na nyaya mbili. Unganisha, kisha gusisha ncha za waya juu ya ufito taratibu, bila kuukwaruza. Kibalbu kikiwaka, alumini iko uchi. Kisipowaka, iko ndani ya vazi. Kiwanda kiliitumbukiza kwenye asidi, kikapitisha umeme, na juu yake ikaota ngozi ya oksidi ya alumini, asili ileile ya jiwe la yakuti. Ngozi hiyo haipitishi umeme, na ni ngumu kuliko alumini yenyewe.

Jaribio hili la dakika tano litakuokolea siku nzima. Nimewaona vijana wakisugua ufito wa namna hiyo tangu asubuhi hadi adhana ya jioni, jasho linawatoka, mng'ao hauji. Walikuwa wanaisugua yakuti kwa kitambaa.

2. Osha kabla hujasugua

Hapa usikate njia. Vumbi letu si vumbi la Bukavu. Kule kuna udongo mwekundu. Unachafua, unaosha, yameisha. Sisi tuna jiwe la moto lililosagwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipasua mji katikati ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilikuja tena, ikasimama Buhene. Juu ya mawe hayo tunajenga, tunatembea, na magurudumu yanayasaga kutwa. Punje yake moja ina kingo kama kioo kilichovunjika. Ukipangusa ufito ungali mkavu, umeupiga msasa bila kujua, na mikwaruzo hiyo itaonekana kwenye kila picha.

Kwa hiyo mwaga maji kwanza, mengi, kutoka juu kwenda chini. Kisha sabuni, kisha sifongo laini, kisha maji tena. Ukitumia maji ya Ziwa Kivu, kausha hapo hapo kwa kitambaa safi, maana maji hayo yana chumvichumvi na yakijikaukia yenyewe huacha madoa meupe. Hayo ndiyo madoa uliyokuwa unayakimbia.

Na usiilaumu familia kwa hali ya fito zako. Moshi wa Nyiragongo una salfa, na mvua inayopita ndani yake hushuka na asidi. Gari lililolala nje Goma limenyeshewa dawa kali kila msimu.

3. Ingia jikoni

Mama zetu waliijua kemia ya alumini kabla yako. Pika maharagwe kwa magadi, sufuria inakuwa nyeusi ndani. Kesho yake pika nyanya katika sufuria ileile, inang'aa. Magadi yameiletea giza, asidi ya nyanya imeliondoa. Ufito wa gari ni sufuria iliyonyooshwa.

Kata limau, pitisha nusu yake juu ya ufito, hesabu dakika mbili, suuza. Ukungu mwingi utaondoka hapo hapo. Kisha weka dawa ya meno nyeupe, kiasi cha punje ya harage, kwenye kitambaa cha pamba. Sugua kwa urefu wa ufito, mbele na nyuma. Usizungushe duara, maana duara huonekana juani kama utando wa buibui.

Sasa kitazame kitambaa chako, kwa sababu hakina unafiki. Kikiwa cheusi, alumini iko uchi na inakubali kung'arishwa. Endelea, badilisha upande wa kitambaa, endelea tena. Kikibaki safi, ngozi ya kiwanda ingali nzima. Acha kusugua, paka nta ya gari, shukuru. Nta itajaza mikwaruzo midogo na kuyapa macho kitu laini cha kuteleza juu yake. Kwa Jumamosi moja, inatosha kabisa.

Bampa na vifuniko vya magurudumu, vile vya kromu, vina njia yao. Kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ichovye majini, sugua kutu. Kutu itatoka, na karatasi ni laini kuliko kromu, haitaiumiza. Lakini karatasi hiyo isiguse fito za alumini. Alumini kwa alumini hukwaruzana kama ndugu wanaogombea shamba.

4. Chagua upande mmoja

Huu ndio moyo wa mwongozo wangu. Gari lina pande mbili, na hakuna binadamu aliyewahi kuziona zote mbili kwa wakati mmoja. Huna muda wa kung'arisha zote. Ng'arisha upande wa kulia.

Kwa nini kulia? Kwetu magari hupita kulia kwa barabara. Shangazi, majirani na maadui zako, wote waliosimama ukingoni, wanauona upande wa kulia kwa karibu. Wa kushoto uko kwa wale walio ng'ambo, na kati yao na wewe kuna pikipiki, chukudu za mbao na vumbi.

Halafu kuna picha za ziwani. Msafara wa harusi ya Goma usiofika ukingoni mwa Ziwa Kivu umepungukiwa. Ziwa liko kusini mwa mji, na mpiga picha atataka maji yaonekane nyuma ya gari, kwa hiyo atasimama kaskazini. Mwambie dereva aegeshe pua ya gari ikitazama magharibi. Upande wa kulia utamwelekea mpiga picha, na jua la saa kumi alasiri litakuja kutoka mbele likiteleza juu ya ufito wote. Harusi ikiwa Juni, Julai au Agosti, bahati yako ni kubwa zaidi: miezi hiyo jua limeegemea kaskazini, linaangukia upande ule ule uliousugua. Harusi ikiwa Desemba, jua litakuwa limeegemea kusini, upande wa ziwa. Ongeza nta, mwombe mpiga picha atumie mwanga wake.

Upande wa kushoto uoshe tu. Uwe safi, usiwe wa ajabu.

5. Paka nyeusi ili nyeupe ing'ae

Mng'ao ni jirani. Alumini iliyozungukwa na raba ya kijivu iliyopasuka itaonekana imechoka, hata uisugue hadi uone uso wako. Zungushia nyeusi, na alumini ileile itaruka mbele.

Vijana watakuletea rangi ya viatu. Ikatae. Itakupa weusi mzuri hadi bibi harusi atakapoinua gauni lake kupanda garini, na kutoka hapo utakumbukwa na ukoo mzima kwa sababu nyingine. Nunua gliserini kwenye duka la dawa. Paka kidogo kwenye raba za madirisha na za milango, subiri nusu saa, pangusa kwa kitambaa kikavu. Raba inarudi nyeusi, inalainika, haichafui. Huu ni udanganyifu unaomtibu anayedanganywa, na ndio ninaoupenda kuliko wote.

6. Fundisha mapengo adabu

Kwanza bonde. Ufito uliobonyea kidogo uufungue kwa uangalifu, maana umeshikwa na vibanio vidogo ndani, na kibanio kimoja kikivunjika Ijumaa usiku hutakipata mahali. Ulaze juu ya kitambaa kinene, sukuma bonde kutoka nyuma kwa mpini wa mwiko. Sukuma, usipige. Ukifika robo tatu ya njia, acha. Robo iliyobaki ifunike kwa utepe wa harusi. Utepe umeokoa heshima za mafundi wengi.

Halafu pengo. Kuna kipande kilichopotea, tuseme cha mlango wa kulia. Usitafute kipande cha kufanana. Hutakipata kwa Jumamosi. Toa na cha mlango wa kushoto. Pengo moja ni aibu; mapengo mawili yanayolingana ni mtindo. Watu watadhani kiwanda kiliamua hivyo, na wataanza kulisifu gari.

Lakini kipande ulichokitoa kifunge kwenye kitambaa, ukiweke juu ya kabati, umwambie mkeo na watoto ni cha nini. Alumini iliyolala uani haikai siku nyingi. Kuna mtu hukusanya vyuma chakavu, kuna mwingine huviyeyusha, na urithi wa mzee wenu utarudi nyumbani ukiwa sufuria ya kupikia sombe.

Ukirudisha ufito, usiubane kwa skrubu ya chuma kitupu. Chuma na alumini vikigusana kwenye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Weka kipande cha raba au grisi kati yao. Dakika moja ya kazi, miaka kumi ya amani.

7. Mikato mitatu itakayokukata wewe

Ijumaa usiku, ukiwa umechoka, atakuja rafiki mwenye wazo. Ana moja kati ya haya matatu.

Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Atakwambia inavua ngozi ya kiwanda kwa dakika chache, na ni kweli. Asichokwambia ni kwamba ikimaliza ngozi haisimami. Inaendelea kula alumini yenyewe, huku ikitoa hidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche moja. Inaunguza ngozi na kupofusha macho. Na ukiisha kuivua alumini, inabaki na rangi ya kijivu iliyokufa, na itahitaji msasa kwa siku kadhaa kabla ya kung'aa. Hiyo ni kazi ya mwezi, ya mchana, nje, kwa glavu na miwani. Haifanywi mkesha wa harusi.

Moto. Atasema ufito ukipashwa utanyooka. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na haiwi nyekundu kwanza ili kukuonya kama chuma. Unaitazama ikiwa imetulia, mara inadondoka. Mafundi wanaoijua huipaka sabuni ya mche kabla ya kuipasha, na sabuni ikigeuka nyeusi wanaondoa moto hapo hapo. Wewe si mmoja wao usiku huu.

Kopo la rangi ya fedha. Hili ndilo litakalokushawishi kuliko yote. Litafunika kila kitu kwa dakika kumi, na kila kitu kitaonekana kama bomba la maji. Rangi ya fedha haing'ai kama alumini, hata kidogo. Mtoto wa darasa la kwanza ataijua. Nakuruhusu mahali pamoja tu: ukingo wa chini wa vikanyagio, ambako Majengo itaanza kuichafua kabla hujafika barabara ya lami. Inatoka kwa thina Jumatatu.

8. Mkalishe mzee

Kule Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kuna mashindano ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970. Waamuzi wake huinama, huchungulia chini ya gari, hufungua kila kifuniko. Majengo hatuna waamuzi hao, ila katika kila harusi kuna mzee mmoja aliyewahi kumiliki gari kama lako, au kuliendesha kwa niaba ya bosi. Utamjua kwa namna anavyolisogelea gari polepole, mikono nyuma.

Usimkimbie. Mkimbilie. "Muzee, kuya huku, kiti kiko hapa." Kiweke kiti upande wa kulia, hatua nne kutoka kwenye gari, penye kivuli, na soda baridi mkononi mwake. Kisha mpe kitu cha kutazama mbali na fito: historia. Mwambie gari kama hili lilishinda Safari Rally mwaka 1962, likipita kwenye tope la Afrika Mashariki, na waliolisubiri mwisho wa safari walitazama saa, hawakutazama fito. Mwambie la mwisho la aina hii lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani. Naye atakuambia la kwake lilikuwa na rangi gani. Mpe nafasi aseme. Anahitaji siku hii kuliko wewe.

Akikuuliza ana kwa ana, "Hizi fito ulizifanyia nini?" jibu kweli: "Nimezisafisha, Muzee. Kuzifufua bado." Ataitikia kwa kichwa, kwa heshima. Fundi wa kweli hamdharau mtu anayejua tofauti ya maneno hayo mawili.

9. Jumapili asubuhi, lipa deni

Msafara umepita. Picha zimetoka vizuri. Baba mdogo anasimulia kwamba gari lilikuwa jipya. Sasa amka mapema, kabla ya kanisa, uoshe fito zote: soda iliyomwagika, vumbi la lava, gundi ya tepe. Paka nta, upande wa kulia na wa kushoto.

Kisha anza njia ndefu, polepole, ufito mmoja kwa mwezi. Chagua ulio mbaya kuliko wote, ili makosa yako ya kwanza yasiumize chochote. Kama kibalbu kiliwaka, yaani ufito uko uchi, chukua msasa wa maji namba 400, kisha 600, 800, 1000 na 2000. Usiruke hata mmoja, maana kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia, na ukiruka, mikwaruzo itabaki ikikusubiri mwishoni. Baada ya 2000 weka dawa ya kung'arisha metali na kitambaa, na ukiwa na umeme na drili yenye gurudumu la pamba, ni heri zaidi. Malizia kwa nta, na urudie nta kila baada ya miezi michache, maana umeing'arisha alumini isiyo na vazi chini ya moshi wa volkano. Kama kibalbu hakikuwaka, na ngozi ya kiwanda haijatoboka, usiiguse kwa msasa. Hiyo ngozi hutaweza kuirudisha uani kwako.

Na akija mtu wiki ijayo amevutwa na zile picha, akitaka kulinunua, mzungushe. Muoneshe upande wa kushoto. Muoneshe mahali utepe ulipokuwa, na lile pengo linalolingana. Mshushie kipande kilicho juu ya kabati umkabidhi. Wageni wa harusi walikuja kufurahi, na ulichowafanyia ni ukarimu. Mnunuzi amekuja na pesa zake. Kwake mchezo huo ungekuwa wizi.

Gari la mzee wenu limevuka volkano, vita na miaka mitatu chini ya mparachichi. Lipitishe na harusi hii. Kisha shika kitambaa, kaa chini kando ya mlango wa kushoto, uanze na ule ufito mbaya kuliko wote.